Safari ya Roscommon, Jimbo Pekee Lililosema Hapana

Kila Jumapili saa saba mchana, mama mwenye nyumba ninamopanga hapa Dublin huandaa meza ya watu wanne: yeye, mimi kama sina zamu, mwanawe wa pekee, na mume wa mwanawe, ambaye ni Mbrazili. Kuku wa kuoka, karoti, mchuzi mzito wa kahawia, na viazi vya namna mbili, vya kuponda na vya kuoka, kwa sababu Mwairishi haoni tabu kuvila vyote katika sahani moja. Anasali. Kisha bakuli la viazi analipeleka kwanza kwa mkwewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndiye mgeni, anasema, ingawa huyo mgeni amekula meza hiyo kwa miaka.

Nilikaa naye mwaka mzima nikidhani nimemwelewa. Jioni moja ya Februari tukiwa tunaosha vyombo, bila mimi kuuliza, akaniambia kwamba tarehe 22 Mei 2015, Ireland ilipopigia kura ndoa za jinsia moja, yeye alipiga Hapana.

"Mwanangu alikuwa na miaka thelathini na mitano," alisema, "na mimi sikuwa najua."

Sahani aliyokuwa anaikausha ilikuwa imekauka zamani, lakini aliendelea kuizungusha kwenye kitambaa.

Mimi ni mtoto wa Singida. Nilizaliwa katika hospitali ya Makiungu, iliyokuzwa na masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika ambalo Mwairishi Marie Martin alilianzisha mwaka 1937. Ireland niliyoijua kabla ya kupanda ndege ilikuwa ile ya masista hao: rozari, viatu vya kufunga kamba, na sauti laini isiyokubali kubishiwa. Nilipokuja kufanya kazi ya uuguzi nikaikuta nchi nyingine, nchi ya kwanza duniani kuhalalisha ndoa za jinsia moja kwa kura ya wananchi wenyewe. Waliosema Ndiyo walikuwa asilimia 62. Picha za umati uliojaa uwanja wa Dublin Castle siku ya kuhesabu kura, watu wakilia na kukumbatiana, nilikuwa nimeziona hata nikiwa chuoni nyumbani. Lakini kura za Hapana zilikuwa 734,300. Mwenye kura kama hiyo nilikuwa ninaishi naye nyumba moja, na sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo kabla ya usiku ule wa vyombo.

Nilimuuliza wenzake wako wapi.

"Kaka yangu bado yuko kwetu Roscommon," akasema. "Nenda kamwone. Tangu harusi ya mwanangu hajakanyaga Dublin. Nitakupa keki umpelekee."

Basi ndivyo nilivyojikuta stesheni ya Heuston asubuhi ya Ijumaa katika wiki ile ile ya Mei 2025 ambapo kura ilikuwa inatimiza miaka kumi, nimepakata bati la keki ya matunda lililofungwa kwa uzi wa katani.

Treni ya kwenda Westport haina haraka. Inapita Portarlington, Tullamore, Clara, na Athlone inavuka mto Shannon juu ya daraja la chuma, na hapo ndipo watu wa magharibi husema Ireland yao inaanza. Nje kulikuwa na ua mrefu usiokwisha wa miti ya miiba iliyochanua maua meupe, mengi kiasi kwamba matawi yalikuwa yameinama. Kisha kuta za mawe zikaanza, mawe yaliyopangwa bila saruji, yakigawa majani ya kijani kuwa vishamba vidogo vidogo. Nikaikumbuka Singida na majabali yake. Sisi mawe yetu tumeyaacha pale Mungu alipoyaweka. Hawa wameyaokota moja moja, kizazi hadi kizazi, wakayafanya mipaka. Katika kila kishamba kondoo, na pembeni mwa kila kondoo mwanakondoo au wawili.

Sababu ya kuchagua Roscommon si keki peke yake. Nchi iligawanywa katika majimbo 43 ya kupigia kura, na 42 yakasema Ndiyo. Lililobaki ni hili, Roscommon na kusini mwa Leitrim, ambalo lilisema Hapana kwa asilimia 51.4. Tofauti ilikuwa kura 1,000 na ushei. Jimbo lenyewe halipo tena kwenye ramani, maana uchaguzi wa 2016 ulikuta mipaka imepanguliwa, Roscommon imeungwa na kipande cha Galway na upande wa Leitrim umerudishwa kwa Sligo. Sifa ndiyo iliyobaki.

Na sifa hiyo, nilikuja kugundua, inamuuma kila mtu. Mwenye nyumba ya wageni nilikofikia, mwanamke wa miaka hamsini hivi, alipiga Ndiyo. "Karibu nusu yetu hapa tulisema Ndiyo," aliniambia akinimiminia chai, "lakini wiki nzima tulichekwa nchi nzima, eti watu wa bogi, wa kinamasini. Dada yangu aliye Cork alinipigia simu kuuliza kama tumeanza kutumia umeme." Alikuwa bado na hasira miaka kumi baadaye, hasira ya mtu aliyehukumiwa pamoja na jirani ambaye hakukubaliana naye. Nilipomweleza ninachotafuta, hakusita. Alichukua simu akampigia mwalimu wake wa darasa la tatu, ambaye mwaka 2015 ndiye aliyezunguka mji huu akitundika mabango ya Hapana. Waliongea kama mama na mwana. Mji mdogo ndivyo ulivyo: huyu alitundika mabango, huyu akayalaani, na Krismasi wanapeana maandazi.

Dereva wa teksi aliyenipeleka kwa mwalimu nitamtaja kwa kifupi, kwa sababu yeye mwenyewe alilimaliza kwa kifupi. Alipiga Hapana kwa kuwa baba yake alipiga Hapana. Tangu hapo amealikwa harusi mbili za namna hiyo, moja ya mfanyakazi mwenzake. Leo angepiga Ndiyo. "Nilidhani kuna kitu kitatokea," alisema. "Hakikutokea." Watu wa aina yake, nadhani, ni wengi kuliko wote, na hawana cha kuandikiwa zaidi.

Mwalimu si wa aina hiyo.

Nyumba yake iko mwisho wa barabara, karibu na magofu ya ngome ya kale ya mwaka 1269. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana. Kabla hatujaingia ndani alinishika kiwiko akanipeleka kwenye nguzo ya umeme mbele ya geti lake. Juu kidogo ya kichwa changu kulikuwa na vifungio vinne vya plastiki nyeusi, vile vya kukaza mpaka visifunguke tena, vimeng'ang'ania nguzo bila kushika kitu.

"Sheria inataka bango lishushwe ndani ya siku 7 baada ya kura," alisema. "Niliyashusha yote mwenyewe, na ngazi ya mume wangu. Plastiki sikuwa na mkasi wa kuikata. Kimojawapo ni cha 2015. Vingine ni vya kura zilizofuata. Siwezi tena kujua kipi ni kipi."

Ndani alinisomea kura zake kama mtu anavyotaja misiba. Mwaka 1995, talaka: Hapana, wakashindwa kwa kura 9,000 na ushei nchi nzima. Mwaka 2015, ndoa: Hapana. Mwaka 2018, utoaji mimba: Hapana, wakashindwa kwa asilimia 66 dhidi ya 34, na safari hiyo hata Roscommon ilikwenda na washindi. "Ukishindwa mara ya kwanza unalia," alisema. "Mara ya tatu unajifunza kufunga mdomo."

Nilimuuliza anachokumbuka zaidi cha 2015. Nilitarajia anitajie siku ya matokeo. Akanitajia Jumatatu iliyofuata. Alikuwa dukani, sehemu ya matunda, akamwona mama mmoja ambaye wanawe watatu wote aliwafundisha kusoma. Yule mama alimwona pia, akainama juu ya matofaa, akawa anayageuza moja moja mpaka mwalimu alipopita.

"Hapo ndipo nilipojua kwamba mmoja wa wale wavulana watatu ni shoga," alisema. "Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kumjibu. Miaka arobaini nimefuta kamasi za watoto wa mji huu, na nilikuwa nimetundika nje ya nyumba ya mmoja wao bango linalosema mtoto anahitaji mama na baba. Nililiamini neno hilo. Bado ninaliamini. Lakini nililitundika nje ya nyumba yake."

Alinyamaza. Mimi nami sikusema kitu. Mwairishi akinyamaza ukamjazia maneno, hatarudi tena pale alipokuwa anakwenda, hilo kazi yangu imenifundisha.

Aliporudi alikuwa na ukali kidogo. Alisema yeye hakuwa na ugomvi na sheria ya 2010 iliyowapa watu wa jinsia moja ushirika wa kiserikali wenye haki karibu zote. Aliikubali. Kilichomshinda ni neno ndoa, na kitendo cha kuliandika katika Katiba ya 1937. Na kilichomuuma kuliko vyote ni kuitwa mtu wa chuki katika redio ya taifa lake na watu waliokuwa hawajazaliwa wakati yeye anatembea maili tatu kwenda kanisani. Vyama vyote vikubwa vilisimama upande wa Ndiyo, alisema, na vyombo vya habari vikasimama huko, na hata wanafamilia. Upande wao ulibaki na maaskofu, na maaskofu wenyewe, baada ya ripoti za 2009 kuhusu watoto walioteswa na kunajisiwa mikononi mwa Kanisa, nani angewasikiliza? "Walitupotezea kesi kabla haijaanza." Hilo alilisema kwa uchungu kuliko lolote alilosema kuhusu wapinzani wake.

Kuna jambo moja lililomfurahisha, na uso wake ulibadilika alipolifikia. Tarehe 8 Machi 2024 serikali ilileta kura nyingine, kubadilisha maneno ya Katiba kuhusu familia na kuhusu nafasi ya mwanamke nyumbani. Vyama vile vile vikubwa, uhakika ule ule wa ushindi. Wananchi wakakataa, asilimia 67.7 kwa swali la kwanza na karibu asilimia 74 kwa la pili. Najua wengi waliokataa siku ile walikuwa na sababu zao nyingine, na wengi wao walikuwa wamesema Ndiyo mwaka 2015. Naye anajua. "Hata hivyo," alisema, "usiku ule nililala. Miaka tisa nilikuwa nadhani nimebaki peke yangu."

Kisha akanigeukia mimi.

"Ninyi Waafrika ndio mmebaki," alisema. Alikuwa anazungumzia tamko la Vatikani la Desemba 2023, lililoruhusu mapadre kuwabariki wapenzi wa jinsia moja nje ya liturujia, na jinsi maaskofu wa Afrika, wakiongozwa na Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walivyosema wiki chache baadaye kwamba barani kwetu baraka hizo hazitatolewa. "Sisi tuliwapelekea imani, sasa ninyi mnatutunzia."

Nilijisikia vibaya, na nitasema kwa nini. Ni kweli nilizaliwa mikononi mwa masista wake. Ni kweli pia kwamba nimelelewa kuamini anachokiamini, na mama yangu Singida anakiamini mpaka leo. Lakini nilimwambia mwalimu kwamba kwetu Tanzania jambo hili halijafika hata mlangoni mwa ndoa. Kwetu, kwa sheria, watu wawili wa namna hiyo wakikamatwa ni jela, miaka 30 hadi maisha. Nilimwambia pia kwamba kwenye nyumba ninamopanga kuna kijana anayemvalisha mama mkwe wake soksi wakati mgongo umemkaza, na mimi siwezi kumtazama machoni nikamwambia ndoa yake si ndoa.

Aliweka kikombe chini. "Miaka thelathini?" akauliza.

"Thelathini hadi maisha, mwalimu."

"Hapana," alisema. "Hapana, hilo mimi sikulitaka kamwe." Na akarudia mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, kama anajihakikishia mwenyewe.

Jumapili nilisali kanisa la Moyo Mtakatifu, kanisa kubwa la mawe lenye mnara unaoonekana kutoka kila upande wa mji. Nusu ya viti ilikuwa mitupu. Walioketi karibu nami walikuwa wazee wa Kiairishi, Wahindi wa Kerala ambao wengi ni wauguzi kama mimi, na familia za Wabrazili waliokuja kufanya kazi za viwanda vya nyama. Hakuna aliyetaja miaka kumi ya kura. Tuliwaombea wagonjwa, tukamwombea Papa mpya Leo ambaye alikuwa hajatimiza hata mwezi. Hofu moja iliyosemwa sana mwaka 2015 ilikuwa kwamba mapadre watalazimishwa kufungisha ndoa hizo. Hawakulazimishwa. Sheria iliyoanza kazi Novemba mwaka ule iliwaacha huru, na wapo walipokuwa. Waliopungua ni watu mbele yao.

Mchana kaka wa mama mwenye nyumba alikuja kunichukua na gari lililonuka sufu yenye unyevu na mbwa. Shamba lake liko njia ya Castlerea. Ana miaka sabini na minane, hakuoa, na mikono yake ni mikubwa kiasi kwamba usukani ulionekana kama wa kuchezea. Njiani alinionyesha vitu viwili tu. Bogi ambako familia yao imekata mboji, ule udongo wa kinamasi unaokaushwa ukachomwa kama kuni, tangu zama za babu zake, na uwanja wa Dr Hyde Park, ambako Roscommon hucheza kandanda ya Kigaeli kwa jezi za njano na buluu. Kila kingine alikipita kimya.

Jikoni kwake moto wa mboji ulikuwa unawaka, na moshi wake ni mtamu, unakaa kwenye sweta kwa siku tatu. Ukutani picha ya Moyo Mtakatifu na taa ndogo nyekundu chini yake, ambayo aliniambia haijazimika tangu umeme ulipofika nyumba hiyo. Chini ya taa, rafu. Juu ya rafu, saa ya mbao. Na nyuma ya saa, ikichungulia kwa upana wa kidole, kadi ya rangi ya maziwa.

Nilikuwa nimeshaiona kabla hajaitaja. Nadhani aliniona nikiiona.

Aliikata keki kwanza. Aliuliza kama dada yake bado anaoka mwenyewe, nikamwambia ndiyo, lakini mkwewe ndiye anayemshikia bati zito. Akatafuna kwa muda. Kisha akanyanyuka, akaivuta ile kadi, akaipangusa vumbi kwenye suruali, akaiweka mezani mbele yangu. Pembe zake zilikuwa zimegeuka njano upande wa juu, pale ilipotokeza. Harusi ya mwaka 2019, hoteli moja ya Kildare. Jina la mpwa wake, na jina la yule Mbrazili.

"Sikuenda," alisema.

Alieleza bila kujitetea. Hakuna padre aliyemkataza. Aliona tu kwamba akiingia ukumbini, akapiga makofi, atakuwa amesema uongo kwa mikono yake. Alikuwa amepiga Hapana, na mtu akishasema Hapana hawezi kwenda kunywa divai ya Ndiyo. Alimwandikia mpwa wake barua fupi, akaweka pesa ndani. Pesa zilirudishwa. Barua haikurudishwa.

Kisha akanisimulia habari za huyo mpwa. Kila kiangazi tangu akiwa na miaka mitano aliletwa hapa kutoka Dublin. Mjomba ndiye aliyemfundisha kusimamisha mboji ikauke, kuingiza mkono ndani ya kondoo na kumgeuza mwana aliyekaa vibaya. Viangazi kumi na vinne. Mwaka 1993, mapenzi ya wanaume wawili yalipoacha kuwa kosa la jinai nchini Ireland, mvulana alikuwa na miaka kumi na mitatu, na habari hiyo ilisomwa kwenye redio ile pale, alisema akiionyesha kwa kidole, wote wawili wakiwa wanakula.

"Unajua nilisema nini?" akauliza. "Nilisema nchi imekwisha. Kisha nikamwomba anipitishie siagi."

Moto ulikuwa umeshuka. Alitupa kipande kingine cha mboji.

"Baa siku hizi siwezi kusema ninachofikiri," aliendelea. "Nilikuwa nalalamika kwa dada yangu, kwa simu, kwamba wametuziba midomo, kwamba mtu hawezi kusema mawazo yake katika parokia aliyobatiziwa. Akaniambia, basi umeonja. Mwanangu alionja kwenye meza yako miaka kumi na minne. Alinikatia simu. Hatukuongea mpaka Krismasi."

Nilimuuliza swali ambalo ndilo lililonitoa Dublin. Kama kura ingeletwa kesho, angepiga nini?

Hakufikiri sana. "Ningepiga ileile," alisema. "Lakini harusini ningeenda."

Nilitaka kumwambia kwamba mawili hayo hayaendi pamoja. Halafu nikamfikiria dada yake na bakuli la viazi. Wiki kadhaa kabla, nilimuuliza yeye swali hilohilo, naye alisema angepiga Ndiyo, ila hajabadilisha mawazo kuhusu ndoa ni nini, angepiga kwa ajili ya mwanawe tu. Ndugu wawili wa tumbo moja, wenye imani moja, na kura mbili tofauti. Na huenda aliye na kura ya Ndiyo na aliye na kura ya Hapana wanalala na donge moja.

Yeye ndiye aliyeuliza tena. Alitaka kujua kwetu inakuwaje mjomba akikosa harusi ya mpwa wake. Nikamwambia katika ukoo wangu mjomba ana sehemu yake harusini, hakuna anayekaa kwenye kiti chake. Akikosa bila sababu ya msiba au ugonjwa, anatozwa. Analeta mbuzi, analetwa mbele ya wazee, anasemwa. Mbuzi analiwa, na jambo linakwisha.

"Hata akichelewa?"

"Hata akichelewa."

"Miaka sita?"

"Mzee, kwetu nimeona wa miaka kumi na moja."

Alisimama dirishani akatazama nje, ambako kondoo walikuwa wamejikusanya chini ya ukuta wa mawe wakijikinga upepo. Hakusema kitu kuhusu mbuzi wala kondoo. Alifunga nusu ya keki iliyobaki, akasema ni ya njiani, akachukua funguo za gari.

Stesheni ya Roscommon ni ndogo, nyumba ya mawe na kibaraza. Alikataa kunishusha nje. Aliegesha, akanibebea begi mpaka kwenye kibaraza, na mbwa wake akaketi kati yetu. Treni ilikuwa imechelewa dakika tisa. Alisoma lile tangazo kwenye ubao mara kadhaa, mikono mfukoni. Kisha akatoa mkono mmoja, na mkononi alikuwa na ile kadi. Sikumwona alipoichukua mezani.

"Jina la huyu mwenzake," alisema, akiliwekea kidole chini. "Nimelisoma miaka sita. Sijui linavyotamkwa."

Nilimtamkia. Alirudia, akakosea silabi ya mwisho, ile ambayo Wabrazili huipitisha puani. Nilimtamkia tena polepole, kama tunavyofundishana majina ya wagonjwa wakati wa kubadilishana zamu. Taa za treni zilikuwa zimeshatokea upande wa Castlerea. Akarudia mara ya tatu, kwa sauti kubwa kidogo kwa sababu ya mngurumo, na mbwa akainua masikio akamtazama.